Barua kwa mwanangu aliyeletewa kasisi mchanga

Muheza, Agosti

Mwanangu mpendwa,

Salaam katika Bwana. Huku hatujambo, ila mguu wa mama yako umeanza visa vyake tena, na machungwa mwaka huu yamezaa hadi hatuna wa kumgawia.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema askofu amekuletea shemasi aliyetoka seminari, amepewa daraja Juni, atawekewa mikono kuwa kasisi Januari, na utakaa naye miaka miwili kabla hajakabidhiwa parokia yake. Unaniuliza mambo mawili: uanze naye wapi, na lini umwache aende kwa mgonjwa peke yake. Nililea makasisi wasaidizi wanne kule Ohio, mwanangu, na mmoja wao nilimharibia kwa haraka zangu, kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyejikwaa, usinisikilize kama mwalimu.

Kwanza hii miezi iliyobaki. Kanuni za Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa huko Marekani, zinataka mtu awe shemasi angalau miezi sita kabla ya ukasisi, na wengi wetu tuliifanya miezi hiyo kama benchi la kusubiria zamu. Mwenzako bado haruhusiwi kuadhimisha Ekaristi, kutamka maondoleo ya dhambi wala kutoa baraka. Vizuri sana! Mpe Komunyo iliyohifadhiwa, ile iliyokwisha kuwekwa wakfu na kasisi, mtume kwa wazee wasiotoka nyumbani. Akae kwenye kochi lenye manyoya ya paka, anywe kahawa iliyopoa, asikie habari za mume aliyefariki kwa mara ya nne, wala asiangalie saa. Januari ikifika atakuwa na ratiba, na mtu mwenye ratiba hafundishiki hilo tena.

Pili, usidharau alichokuja nacho. Najua wewe na wenzako mna mazoea ya kucheka seminari, eti zinafundisha Kiyunani lakini hazifundishi paa linapovuja. Ni kweli hazifundishi paa. Lakini huyu amepita mafunzo ya uchungaji wa wagonjwa hospitalini, CPE mnavyoyaita, saa 400 kwa kipindi kimoja, na karibu kila dayosisi huko inayadai. Hayo yana mizizi kwenu wenyewe: mwaka 1923 daktari mmoja Mwepiskopali wa Cincinnati, William Keller, alianza kuwachukua wanafunzi wa seminari kipindi cha kiangazi ili waone shida za watu kwa macho yao badala ya kuzisoma. Miaka miwili baadaye Anton Boisen, mchungaji ambaye mwenyewe alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa akili, akawapeleka wanafunzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Alitaka wamsome mtu kama wanavyosoma kitabu.

Mimi niliyapitia mafunzo hayo nikiwa mtu mzima, nimeshakuwa padre miaka kumi na kitu, na nilikwenda nimenuna. Kila wiki unaandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno kadiri unavyokumbuka, kisha unayasoma mbele ya wenzako. Ukikohoa, unaandika ulikohoa. Msimamizi wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, akaniuliza: "Hapo ulijisikiaje?" Mimi, mtoto wa Magila, misheni ya zamani ya Waanglikana hapa Muheza, niliyelelewa kwamba padre hajisikii, padre anasali! Nikamjibu nilijisikia njaa. Sikuwa natania, ilikuwa saa saba mchana. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka. Akaniambia nirudie kusoma mstari mmoja. Mgonjwa alikuwa amesema, "Sitaki kufa kabla ya harusi ya mjukuu wangu." Chini yake nilikuwa nimeandika jibu langu: "Tusali." Niliusoma mara mbili ndipo nikaona. Yule mzee alikuwa ndio kwanza anafungua mdomo, mimi nikamfunga kwa sala.

Ndiyo maana nakwambia uanze naye ndani ya gari. Mwezi wa kwanza nenda naye kwa wagonjwa, wewe uzungumze, yeye akae pembeni. Mkitoka, kabla hujawasha gari, muulize ameona nini. Usimuulize wewe umefanyaje, atakusifu tu. Muulize nani chumbani hakusema neno. Mwezi wa pili mnakwenda wawili, yeye anaongoza, na wewe hata akikosea usimdakie neno mbele ya watu. Akisahau kupaka mafuta, atapaka kesho. Ukimsahihisha mbele ya familia, hatakuwa kasisi wao tena, atakuwa kijana wako wa kubeba mkoba.

Sasa swali lako la lini aende peke yake. Aende siku ambayo una hakika utakuwepo akirudi. Umri wake au alama zake za seminari zisikusumbue. Nakueleza kwa nini, jambo ambalo hata mama yako sikumweleza vizuri.

Kasisi wangu msaidizi wa pili alikuwa na miezi mitatu tu ya ukasisi. Ilikuwa Jumanne usiku, Februari, theluji imejaa hadi kwenye ngazi, na baraza la parokia lilikuwa limekwama kwenye bei ya tanuru la kupashia kanisa joto. Simu ikaja kutoka hospitali: mama mmoja amejifungua mtoto asiye hai, anaomba kasisi. Nikamwangalia yule kijana, nikamwambia nenda, nitakuja. Sikwenda. Tulimaliza kikao saa nne kasoro, na aliporudi alinikuta ukumbini napanga viti. Unajua hospitali za huko wahudumu wa dini hugongewa muhuri kwenye tiketi ya maegesho wasilipe. Nikamuuliza: "Ulikumbuka kugonga tiketi?" Akasema ndiyo, akanionyesha. Tukaagana.

Hilo ndilo swali pekee nililomuuliza.

Kuanzia majira ya kuchipua alianza kuwa na visingizio kila ilipotajwa hospitali. Mara mafua, mara vijana wana mkutano. Nilimwona mvivu, na nadhani nililisema hilo kwa mtu mmoja au wawili. Miezi kumi na minne baada ya usiku ule, tukitoka mazikoni, alinisimulia bila kuulizwa. Yule mama alimpa mtoto amshike. Akamshika. Mama akalala kwa dawa, baba alikuwa ametoka kupiga simu, wauguzi walikuwa wanabadilishana zamu, na yeye akabaki amesimama na yule mtoto hadi mkono ukafa ganzi, hajui amkabidhi nani na hajui kama ni dhambi kumlaza. Aliniambia, "Padre, mpaka leo mkono huu nausikia." Nami siku ile nilimuuliza habari ya tiketi.

Alibaki katika huduma, namshukuru Mungu, lakini hakurudi tena kwenye uchungaji wa parokia. Anafundisha.

Kwa hiyo akirudi kutoka mahali kama hapo, acha viti. Mwekee chai, nyamaza, mwache asimulie kutoka mlangoni. Ila ungamo ni jambo jingine kabisa. Akishakuwa kasisi, aliloungamiwa halisimuliwi hata kwako, nawe usimchokonoe hata kwa mzunguko.

Kanuni pia zinamtaka askofu ampangie kila kasisi mpya kasisi mwingine wa kumlea, wakutane mara kwa mara kwa angalau mwaka mmoja. Hakikisha hilo linafanyika kweli, siyo kwenye fomu tu, na usimwonee wivu huyo mwenzako. Kuna mambo atataka kuyasema kuhusu wewe, na ni afadhali ayaseme huko kuliko kwenye maegesho ya kanisa.

Mengine nayapita haraka. Kwenye baraza la parokia akae mwaka mzima akisikiliza, ajue nani akinyamaza ana hasira. Daftari la mfuko wa kusaidia wenye shida mfungulie: mtu akija mlangoni anadaiwa kodi, hundi iandikwe kwa mwenye nyumba, na kila senti iwe na mstari wake, maana mkaguzi atakuja. Wakimbizi wa Kongo watakaokuja kwa sababu unajua Kiswahili, naye akawaone, hata kama kazi yake ni kutabasamu tu. Na mahubiri! Usimtupie Jumapili ya Tomaso, ile inayofuata Pasaka, na Jumapili ya Utatu kama tunavyofanya wote, moja kanisa tupu na nyingine haielezeki. Mpe Pasaka ya Usiku mwaka wa pili. Utaumia kidogo, utapona.

Jambo moja hukuniambia, na Kiswahili chetu kimelificha: huyo ni mwanamume au mwanamke? Kama ni mwanamume, binti yangu, ujue wapo watakaoupita mlango wako waende kwake kuuliza tarehe ya harusi, hasa mkisimama wawili mmevaa kola. Nilipokuwa mtumishi wa madhabahu huku kwetu, kasisi mwanamke hakuwa hata jambo la kubishania. Kanisa lenu lilifungua mlango huo mwaka 1976 kwenye mkutano wake mkuu wa Minneapolis, na bado kuna wazee wa viti vya mbele wanaotafuta padre "wa kweli" kwa macho. Mfundishe kujibu, "Mwulize kasisi kiongozi, yule pale," na ajibu hivyo kila mara, hata kama tarehe anaijua.

Niandikie jina lake la ubatizo kabla ya Jumapili nilitaje madhabahuni. Mama yako anauliza kama anakula ugali, maana anajua hutampikia kitu kingine.

Baba yako