Jibu: Besi la kusimama kutoa mlio wa "zzz" kwenye La

Ndugu, umesema besi lako la kusimama (fidla kubwa inayopigwa ikiwa imesimamishwa) linatoa mlio ukipiga La wazi tu, yaani waya wa La bila kuubana kwa kidole. Kwanza ipige noti hiyohiyo ya La kwenye waya wa Mi, ukiubana kwa kidole. Mlio ukipotea, mfereo (mtaro mdogo) unaokalia waya wa La pale juu shingoni umelika: tia kipande cha karatasi chini ya waya, usikilize tena. Mlio ukibaki hata kwenye waya wa Mi, kuna kitu kimelegea kinachotetemeka na noti hiyo (Hz 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde).

Mwenzio avute upinde bila kukoma, wewe ubane kimoja kimoja: skrubu za mashine za kukazia waya, magurudumu ya daraja (ubao unaoinua waya juu ya mwili wa besi), nyuzi chini ya daraja, skrubu ya mguu wa chuma unaolisimamisha besi, waya wa pikapu (kinasa sauti). Hapo wengi hupata jibu.

La sivyo, gonga kingo zote za mwili wa besi kwa kifundo cha kidole. Panapolia kwa ukavu, kama kuna kitu kinapigana ndani, maungo yameachia. Unyevu wa pwani kama hapo Bagamoyo hulainisha gundi ya ngozi za wanyama inayoshika maungo hayo. Tafadhali usitie gundi nyeupe ya seremala! Rudisha ya ngozi, ya moto, ubane kwa klampu hadi kesho yake, ili fundi aweze kulifungua besi siku za mbele bila kupasua mbao.