Usilipie hiyo chaja ya "48V" kabla hujasoma lebo yake

Mkuu, simama hapo hapo, usitume hela. Umesema betri ya baiskeli yako ya umeme ni lithiamu-ioni ya 48V 20Ah, chaja iliyokuja nayo ni ya 2A na inakesha, na sasa muuzaji anakupa ya 5A "ya fasta". Ulipomuuliza kama itaendana na betri yako, akakujibu 48 ni 48. Hayo maneno nayajua. Niliyanunua na mimi.

Hesabu ya muda niimalize haraka: gawanya Ah (ujazo wa betri) kwa ampea za chaja. Kwa 2A ni saa 10, kwa 5A ni saa 4, halafu ongeza kidogo. Hiyo nyongeza inatokana na jinsi lithiamu inavyochajiwa: chaja inasukuma ampea zilezile mpaka volti zifike kileleni, kisha inashikilia volti hizo huku ampea zikishuka taratibu. Ndiyo maana simu inakimbia mpaka 80% halafu inaanza kujikokota. Ukisukuma ampea nyingi zaidi, kipande hicho cha mwisho nacho kinarefuka. Kwa hiyo 5A itakupa saa nne na ushee, labda tano. Basi.

Ampea hazikunipa shida. Nilichomwa na volti.

Betri nyingi za 48V za baiskeli zina seli 13 zilizofuatana, kila seli ikijaa kwa 4.2V, kwa hiyo chaja yake inatakiwa itoe 54.6V. Lakini zipo za seli 14, zinazotaka 58.8V. Zipo pia za lithiamu ya chuma na fosfeti, seli 16 za 3.65V, zinazotaka 58.4V. Zote dukani zinaitwa 48V, na plagi zinaweza kufanana kabisa! Yangu ilikuwa ya seli 13, nikauziwa chaja ya 58.8V. Gawanya mwenyewe: zaidi ya 4.5V kwa kila seli. Na msinicheke, ilikuwa na feni na taa mbili, nani angeitilia shaka?

Mwanzoni bodi ya BMS, ile ya ndani ya betri inayolinda seli, iliniokoa. Kila betri ilipokaribia kupitiliza, ilikata. Taa ikawa inacheza, nyekundu, kijani, nyekundu tena. Nikarudi kwa yule jamaa. Badala ya kusoma lebo ya chaja aliyoniuzia yeye mwenyewe, akaniambia tundu la kuchajia ni bovu, nichaji kupitia waya mnene unaokwenda kwenye mota. Kwenye betri zenye njia mbili tofauti, ya kuingizia chaji na ya kutolea, kufanya hivyo ni kuuruka ulinzi wote wa kupitiliza chaji. Yeye fundi hakulijua hilo, au alilijua na hakujali, sijui lipi ni baya zaidi.

Nikafanya alivyosema. Taa ikatulia nyekundu, nikamsifia hadi kwa majirani. Kilichofuata ni joto, kisha harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huo ni ute wa ndani ya seli ukitoka kwa mvuke. Nilichomoa, nikaitoa nje ya nyumba, nikakaa mbali nayo. Haikuwaka, lakini ingeweza, hata saa kadhaa baada ya kuchomoa. Seli kadhaa zilikuwa zimefungua vali zao za usalama, betri nzima ikawa ya kutupa. Jamaa alipoiona akasema "ilikuwa imechoka". Imechoka! Ilikuwa bado na plastiki ya kiwandani pembeni.

Kwa hiyo shika hili moja: usisome jina la chaja, soma mstari wa OUTPUT. Hesabu seli zako zilizofuatana, zidisha kwa 4.2 (au kwa 3.65 kama ni ya chuma na fosfeti), na namba hiyo ndiyo iwe kwenye mstari huo. Kama lebo ya betri imeandika seli 13, ni 54.6V, na mtu akikuambia 58 "inaingia vizuri tu", ondoka hapo dukani. Lebo nayo inaweza kudanganya, kwa hiyo omba mita ya volti, pima chaja kabla hujaichomeka kwenye betri. Halafu angalia lebo ya betri inaruhusu ampea ngapi za kuchajia, maana nyingine hazifiki hata hizo 5. Na BMS ikikata, iamini. Isikupitikie kuizunguka.

Uliuliza pia kuhusu kuiacha usiku kucha na kuishia 80%, wengine watakujibu, mimi presha imeshapanda. Wewe weka hapa picha ya lebo ya betri na ya hiyo chaja, leo, kabla muuzaji hajakupigia tena.