Gesi ya Friji Haiishi Yenyewe

SWALI: Friji yangu inapoza vizuri miezi miwili au mitatu, kisha inalegea hadi maziwa yanachacha. Fundi ameshaongeza gesi mara tatu. Sasa anasema kompresa "inakula gesi", ninunue nyingine. Je, ni kweli? – Msomaji, Arua

JIBU: Si kweli, ndugu yetu, na hiyo hela ya kompresa (mota inayosukuma gesi) iweke kwanza. Gesi ya friji si kama petroli ya bodaboda, inayoungua ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile iliyotiwa kiwandani, na inaweza kudumu miaka 20 bila kuongezwa hata gramu. Ikipungua, kuna tundu. Aliyeongeza bila kutafuta tundu amejaza mtungi unaovuja, mara tatu, kwa pesa zako.

Dalili za gesi kupungua ni hizi: kompresa inanguruma bila kupumzika, mabomba ya nyuma hayana joto la maana, na barafu ndani ya friza inashika upande mmoja tu, pale gesi inapoingilia. Tundu hupatikana zaidi kwenye viungo vilivyochomewa, mahali mtu alipokwangua barafu kwa kisu, au kwenye bomba linalopita ndani ya fremu ya mlango wa friza, ambalo huliwa na kutu. Alama ya mafuta kwenye kiungo ni ushahidi mzuri, kwa sababu mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi.

Sasa soma aina ya gesi kwenye kibandiko kilicho nyuma ya friji au juu ya kompresa. Friji za zamani kidogo huandikwa R134a. Nyingi za sasa ni R600a. Tofauti hii ni kubwa. R600a inawaka moto, na inatiwa kidogo sana, mara nyingi kati ya gramu 30 na 80 kwa friji ya nyumbani. Zaidi ya hayo, friza ikifika chini ya nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, shinikizo la R600a huwa dogo kuliko la hewa ya nje. Kwa hiyo tundu likiwa upande wa baridi, friji haivujishi tu, inavuta hewa na unyevu ndani. Unyevu huo huganda kwenye mdomo wa bomba jembamba la kapilari na kuziba njia. Ndiyo maana friji nyingine hupoza, hukata, huyeyuka, halafu hupoza tena.

Kazi iliyo sahihi hufuata mpango huu. Fundi anatoa gesi iliyobaki, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa. Anajaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye viungo (oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka). Anaziba tundu, anabadilisha filta ya kukaushia, kisha anavuta hewa kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa. Mwisho anatia gesi ya aina iliyoandikwa, akiipima kwa mizani. Gesi ya kukadiria kwa kushika bomba na mkono haifai kwenye R600a. Gramu 10 zaidi au pungufu zinaharibu kazi nzima.

Kabla hajagusa friji, muulize: una pampu? Una mizani? Filta mpya iko wapi? Akikosa kimojawapo, tafuta fundi mwingine.

SWALI: Yangu inavuma sekunde chache, inalia "tik", inanyamaza. Baada ya dakika kadhaa inarudia. Jioni ndiyo mbaya zaidi. – Mama wa watoto wanne, Entebbe

JIBU: Mama, neno "jioni" limetusaidia sana. Umeme wetu ni volti 240, lakini watu wakiwasha pasi na majiko kwa pamoja unashuka. Chini ya volti 190 hivi kompresa nyingi zinashindwa kuanza, na ile "tik" ni ovalodi inayokata umeme ili koili zisiungue. Pima soketi kwa multimita (kipimo cha umeme) saa mbili usiku, wakati friji inajaribu kuwaka. Ikiwa inatumia waya wa kuongezea, uondoe, uchomeke ukutani moja kwa moja.

Umeme ukiwa mzuri, kosa linaweza kuwa relei, kidude kidogo cha kuiwashia kompresa, kilichochomekwa ubavuni mwake. Chomoa plagi, kivute, kitikise sikioni. Kikichakacha kama kibuyu chenye mbegu, kimevunjika ndani. Badilisha kwa cha aina hiyo hiyo. Kikiwa kizima, pima ukinzani kati ya pini tatu za kompresa, mbili mbili. Kipimo kikubwa kinapaswa kuwa jumla ya viwili vidogo, mfano ohm 12, 18 na 30. Multimita ikionyesha muunganiko kati ya pini yoyote na mwili wa kompresa, basi hiyo kompresa imekufa kweli.

Nunua pia kilinda friji chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hujaribu kuanza dhidi ya shinikizo ambalo bado halijashuka, na hapo ndipo relei nyingi huungua.

SWALI: Maji yanajaa chini ya droo za mboga kila siku. – Msomaji, Masaka

JIBU: Tundu la kutolea maji, nyuma ndani ya friji, limeziba. Sukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano hadi uyasikie yakianguka kwenye sinia lililo juu ya kompresa. Kisha funga mlango ukiwa umebana noti ya shilingi 1,000, uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mlango imelegea na unyevu unaingia mchana kutwa. Ioshe kwa sabuni, na mahali ilipojikunja imwagie maji ya moto, uinyooshe kwa vidole, halafu jaribu noti tena pande zote nne.