Mama anasema nachora taka

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Tanga, kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, na jioni nachora vya kwangu. Tangu masika nimeshikwa na majani yanayooza: ya mkungu ulio uani kwetu, mekundu huku na meusi kule, na maganda ya mgomba yaliyokauka. Niliyabandika kwenye hadibodi nikapaka rangi juu. Wiki mbili tu, yakaota ukungu na wadudu wakatoka. Nikiyachora bila kubandika, watu wanauliza, "Hiki ni nini?" Mama ndiye kamaliza kabisa, anasema nachora taka. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtazame kwanza mama anakalia nini akichambua mchele. Kama ni mkeka wa ukindu, basi anakalia majani yaliyokatwa, yakaanikwa mpaka yakafa kabisa, yakachemshwa na rangi, yakasukwa mistari na pembe zisizofanana na mtu wala mnyama. Sijasikia mtu akiuliza mkeka ni picha ya nini. Ila usimjibu hivyo kwa jeuri. Mpelekee mkeka mpya, kisha useme.

Ukungu umetokana na unyevu uliofungiwa ndani ya rangi. Jani hukaushwa kati ya magazeti, tofali juu, magazeti yakibadilishwa kila siku, mpaka likikunjwa livunjike. Lakini mimi kubandika niliacha zamani. Jani lililobandikwa hujitaja jina lake, na mtazamaji akishalijua anakwenda zake.

Kilichokushika wewe, nadhani, ni yale yanayolipata jani. La mkungu likizeeka, mti huvuta chakula chake kwanza kabla ya kuliangusha. Ukijani unavunjika, njano iliyokuwa imefichwa inaonekana, na wekundu hutengenezwa upya siku hizo hizo za mwisho. Likiwa chini, kuvu huingia: pale mdudu alipotoboa, pale lilipokunjika. Nyama laini huliwa mapema, mishipa hubaki nyuma kwa ugumu wake. Hapo umeshapangiwa picha, mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia.

Chukua jani moja, moja tu, uliweke kwenye sahani yenye maji kidogo hapo barazani. Toboa kadi tundu la mraba, ukubwa wa stempu. Iweke juu ya jani, uchore kilichomo ndani ya tundu peke yake, ukijaze hadibodi nzima. Kesho rudisha tundu pale pale. Mara yangu ya kwanza, siku ya tisa doa jeusi lilikuwa limepasuka katikati, na ukingoni mna kahawia tatu ambazo sikuwa nazo kwenye kopo lolote. Nilishinda mchana kutwa nikichanganya nyekundu, njano na buluu kuzitafuta, wali ukaungua. Nyeusi ya kopo usiiguse, inaua kila kitu.

Na rangi yako ya mabango usiionee haya. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 pale Dar es Salaam kwa hadibodi na rangi ya baiskeli. Tena mng'ao wake unakufaa, maana kinachooza huwa kimelowa.

Ukitaka kuiona mishipa bila kungoja, chemsha jani gumu (la mfenesi nimelijaribu) kwenye maji ya magadi, moto mdogo, mpaka nyama iteleze, kisha lisugue taratibu kwa mswaki laini. Vaa glavu. Sufuria ya alumini magadi huila, kwa hiyo tumia ya chuma, na isiwe ya mama ya kupikia. Kesi moja inakutosha. Mgomba nao una wino wa bure: utomvu wake ukiutonesha kwenye karatasi ni kama maji, ukikaa unageuka kahawia, na unajua mwenyewe kwenye shati ulivyo, hautoki.

Wanaouliza "hiki ni nini" usiwape jina la mti. Andika siku tu nyuma ya picha: ya tatu, ya tisa. Mimi nitumie ya kumi na tano. Ya kwanza sitaki, hiyo kila mtu huwa anaipamba.