Kreki ndefu peke yake haitoshi

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni familia ya gereji hapa Mwanga, Kigoma. Mjomba yuko Marekani, anaunda injini ya mbio na wanawe, V8 ya Chevrolet 454 wanataka iwe 496 (ukubwa kwa inchi za ujazo), na mzee wetu anaenda kuwasaidia. Mzee anasema ni kubadili kreki tu, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie mzee kwa heshima zote kreki tu haitoshi. Stroku ya 454, yaani umbali pistoni inaotembea toka chini mpaka juu, ni milimita 101.6, wanaipeleka 107.95, na silinda zinachongwa kipenyo toka 107.95 mpaka karibu 109.5, ndo unapata lita 8.1 hivi. Sasa kreki ikirefuka pistoni inapanda zaidi kwa milimita 3 na kitu, ukirudisha za zamani zinagonga hedi (kifuniko cha juu cha silinda), kwahiyo wanunue pistoni ambazo pini inayoziunga na konrodi, ule mkono wa kwenda kwenye kreki, imesogezwa juu.

Alafu hapa ndo wengi wanaharibu injini: boliti za konrodi zinapita karibu sana na mwisho wa silinda, sampu (bakuli la oili) na hata kemshafti (shafti inayofungua valvu). Wafunge pistoni bila ringi, wazungushe kwa mkono polepole, panapobana wasage bloku, warudie silinda zote nane. Kazi hii wapeni watoto, washike tochi na fila geji (vibati vya kupimia nafasi), watajifunza kuliko kuangalia tu. Kubalansi, yaani kusawazisha uzito kreki isitikisike, wapeleke kwa mwenye mashine, na hiyo 454 inabalansiwa kwa nje, sehemu ya uzito wa kusawazisha iko kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma) na puli, kwahiyo flaiwili na puli ya mbele ziende pamoja na kreki. Kukaza boliti kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) aachiwe mzee.