Jibu: Kwa nini pinboli ilihesabiwa kuwa kamari New York

Ndugu, umeuliza kwa nini New York ilipiga marufuku mashine za pinboli (mchezo wa sarafu wa kurusha gololi juu ya ubao ulioinama) mwaka 1942, ilhali leo tunazihesabu kuwa mchezo tu. Jibu limo ndani ya mashine yenyewe. Zile za miaka ya 1930, kama Baffle Ball iliyotolewa na David Gottlieb huko Chicago mwaka 1931, hazikuwa na vibao vya kuipigia gololi: mchezaji aliingiza sarafu, akavuta fimbo ya springi na kuiachia, kisha akabaki kuitazama gololi ikigongagonga misumari hadi itumbukie shimoni. Meya Fiorello La Guardia aliona hiyo ni bahati nasibu, na mashine zikavunjwa kwa nyundo hadharani.

Vibao hivyo vya kuipigia gololi vilikuja mwaka 1947 katika mashine iitwayo Humpty Dumpty, ambayo ilikuwa navyo sita, na kwa maoni yangu hapo ndipo pinboli ilipozaliwa upya, kwa kuwa mkono wa mchezaji ulipata kazi. Hata hivyo, marufuku ilidumu hadi 1976, mchezaji hodari Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani wa jiji ili kuonyesha kuwa mchezo huo ni wa ustadi, si wa bahati: akatangaza kabla ya kuiachia fimbo kwamba gololi itapita njia ya katikati, nayo ikapita papo hapo.