"Bake until golden": ni Kiingereza sahihi au kimekatwa?

SWALI: Ninahariri kitabu cha mapishi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kimejaa maneno kama "Place in the oven", "Bake until golden", "Bring to the boil" na "Fry off the onions". Nyingine naziona kama sentensi zilizoachwa njiani. Nizisahihishe?

JIBU: Tatu za kwanza ziache kama zilivyo. Ya nne inategemea wasomaji wako.

Kinachokusumbua ni shamirisho. Weka nini kwenye oveni? Kitenzi "place" kwa kawaida hudai kitajwe kinachowekwa, lakini lugha ya mapishi ina ruhusa yake: mpishi anaamriwa, na chakula tayari kiko mikononi mwake, hivyo hakuna haja ya kukitaja kila hatua. Ruhusa hiyo huisha mara tu mwandishi anapoanza kusimulia. "I placed in the oven" ni kosa. Lazima iwe "I placed it in the oven". Na "I baked for 40 minutes" inapita kisarufi, ila maana imehama: inasema nilishughulika na kuoka kwa dakika 40, si kwamba mkate ulikaa kwenye oveni muda huo. Kwa hiyo soma kwa makini zaidi zile aya za utangulizi juu ya kila pishi. Mwandishi aliyezoea kuamrisha huvusha mtindo huo hadi kwenye masimulizi bila kujua.

"Bring to the boil" ni ya Uingereza. Marekani huandika "bring to a boil". Chagua moja kwa kitabu kizima.

"Fry off" ni lugha ya jikoni, hasa Uingereza. Hilo "off" hudokeza kwamba kukaanga ni hatua ya mwanzo tu, mengine yanafuata. Kama kitabu kina sauti ya mazungumzo, libaki. Kama wasomaji bado wanajifunza Kiingereza, mimi ningelifuta, kwa sababu "Fry the onions" inatosha kabisa.

Hukuuliza kuhusu orodha ya mahitaji, lakini huko ndiko mhariri anakoweza kuharibu chakula cha watu. Tazama hizi mbili: "1 cup almonds, chopped" na "1 cup chopped almonds". Zote ni sahihi, hata bila "of". Ila ya kwanza inasema jaza kikombe kwa lozi nzima, ndipo uzikatekate. Ya pili inasema katakata kwanza, kisha pima. Vipande havikai kikombeni kama lozi nzima, kwa hiyo kiasi cha lozi katika vikombe hivyo viwili hakilingani. Unga ndio wa kuogopa: "1 cup sifted flour" ni unga uliochekechwa kabla ya kupimwa, umeshika hewa, na uzito wake ni pungufu kuliko wa "1 cup flour, sifted". Keki inaihisi tofauti hiyo.

Nimeona wahariri wazuri wakiuondoa mkato (koma) ulio kabla ya "chopped" au "sifted" ili orodha ipendeze. Tafadhali usifanye hivyo. Mwandishi ndiye anayejua kama alipima kabla ya kukata au baada. Muulize kabla ya kuhamisha hata mkato mmoja.